Aliyenifundisha Kusoma Kutoka Kulia

Katika kanisa la baba yangu kule Suna, Migori, hakuna anayepokewa kuwa mhubiri kabla ya kujibu swali moja mbele ya watu wote: "Nani alikufundisha?" Ukitaja jina, mwalimu wako anasimama pale alipoketi. Mama yako mzazi anatoka na birika na beseni, anamnawisha mikono, na siku hiyo mwalimu huyo ndiye wa kwanza kupakuliwa chakula, hata kama kuna wageni kutoka Nairobi. Desturi hii aliianzisha baba, Askofu Nicodemus, naye anaipenda kuliko joho lake la zambarau. Husema kwamba mtu asiyeweza kumtaja aliyemfundisha, alichonacho amekiiba.

Mimi nilikuwa niulizwe Jumapili. Na Ijumaa ile mchana, mwalimu wangu alikuwa ameketi mbele yangu katika kibanda cha chai mjini Rongo, amevaa buibui na mtandio wa kijani, machozi yakimdondokea kwenye andazi.

"Usililie andazi," nikamwambia. "Litakuwa na chumvi."

"Walter, leo usifanye mzaha."

"Sifanyi mzaha. Nalinda chakula."

Hakucheka. Ndipo nilipojua kwamba mambo yameharibika kweli, kwa maana Ruqia Hamud hunicheka hata nisipofanya kitu.

Sharti nieleze, kwa unyenyekevu unaonistahili, jinsi kijana kama mimi alivyofikia kusoma Kiebrania. Nilipomaliza kidato cha nne katika shule ya bweni ambayo sitaitaja, kwa kuwa nayo haipendi kunitaja, baba aliamua niende chuo cha Biblia. Suna nzima ilishtuka. Mimi ndiye niliyeifunga kengele ya shule kwenye shingo ya ng'ombe wa mwalimu mkuu, wanafunzi wakawa wanakimbilia darasani kila ng'ombe alipojikuna. Lakini baba ana imani kubwa. Chuo kilitaka mtu mwenye msingi wa Kigiriki na Kiebrania, basi nikapakua kwenye simu programu moja ya kufundishia lugha za Biblia, inaitwa Mafunjo. Ina punda mdogo wa kuchorwa. Usiposoma, punda anakutumia ujumbe kwamba amelala njaa kwa ajili yako.

Programu hiyo huwapanga wanafunzi wawili wawili. Unasoma kwa sauti, unajirekodi, na somo linalofuata halifunguki mpaka mwenzako akusikilize na akukubali. Mimi nilipangiwa mtu aliyejiandikisha kama Ruqia H., Homa Bay. Ujumbe wake wa kwanza kwangu haukuwa na salamu.

"Hiyo herufi inatoka kooni. Wewe umeitoa puani kama mwenye mafua. Rudia."

Nikarudia. Nimekuwa nikirudia tangu siku ile.

Ruqia alisoma Kiarabu madrasa tangu utotoni, na Kiebrania kwake kilikuwa kama kukutana na binamu harusini. Alinionyesha kwamba hata mimi, mtu wa Suna, baadhi ya maneno nilikuwa nayo mdomoni siku zote bila kujua: damu, nafsi, roho, malaika. Yote yana ndugu zao kule. Mimi nami nilimvuta kwa Kigiriki, kwa sababu alfa, beta na theta zilikuwa zimenitesa kwenye fizikia mpaka tukazoeana. Kwa hiyo niliijua sauti yake kabla ya uso wake. Nilijua anavyovuta pumzi kabla ya neno refu. Nilijua kicheko chake akikosea, kicheko kidogo cha puani, kisha "astaghfirullah", kisha anaanza upya. Siku tulipokutana mara ya kwanza hapa Rongo, ambako anasoma chuo kikuu, nilimtambua kwa kumsikia akimkaripia mwenye duka la fotokopi. Nikapenda pale pale, nimesimama kwenye foleni, nimeshika vyeti vyangu.

Sasa sauti hiyo hiyo ilikuwa inatetemeka juu ya kikombe cha chai.

"Jumapili iliyopita nilikuwa dukani namsaidia Baba," akasema. Baba yake, Mzee Hamud, ni mtu wa pwani aliyehamia Homa Bay miaka mingi iliyopita, ana duka la vitambaa karibu na stendi. "Nikaingia nyuma ya majora nikusikilize. Lile somo ulilonitumia Jumamosi. Nikabonyeza. Sikujua simu imejiunga na spika."

"Spika gani?"

"Ya duka."

"Ile ndogo ya mezani?"

"Ile ya nje, Walter. Ile kubwa."

Nikaweka kikombe chini. "Nini kikasikika?"

"Wewe. Unasoma Kiebrania, stendi nzima inakusikia."

"Nilisomaje?"

"Vibaya."

"Na wateja?"

"Mmoja akamuuliza Baba hiyo kaswida ni ya wapi. Baba akasema haijui, lakini msomaji ana koo la ng'ombe."

Nikacheka. Mungu anisamehe, nilidhani hapo ndipo pa kucheka.

"Kisha ukamaliza kusoma," Ruqia akasema, bila kuinua macho, "ukasema yale uliyoyasema mwisho."

Kicheko kikanikauka. Nilikumbuka vizuri nilichokisema mwisho. Nilikuwa nimesema: Ruqia wangu, nikifunga macho nakusikia, na nikiyafungua nakutafuta. Nilikuwa nimekitunga mwenyewe, na nilikuwa nimejivunia sana. Sasa nilimwona Mzee Hamud amesimama na mkasi mkononi, kitambaa cha mteja kimekatwa nusu, jina la binti yake likipaa juu ya stendi ya Homa Bay.

"Alikupiga?"

"Baba hajawahi kunipiga. Alifunga duka mchana kweupe. Akaketi juu ya jora, akaniuliza, 'Wataka kubatizwa?' Nikamwambia la. Akaniuliza, 'Basi huyo kijana ataka kusilimu?' Nikamwambia la. Kisha akauliza, polepole kabisa, 'Sasa mwataka nini?'"

Akanitazama. Macho ya Ruqia ni makubwa na hayana haraka. Ukitazamwa nayo unaanza kukagua shati lako kama vifungo vyote vipo.

"Nilikosa la kusema, Walter. Wewe ungemjibu nini?"

"Ningemwambia tunataka kufika somo la vitenzi..."

"Walter."

"Sijui," nikasema.

Tukakaa. Mwenye kibanda alikuwa anageuza chapati, na kwa muda ule chapati ndiyo iliyokuwa na mambo ya kusema.

"Amesema nikiendelea, nitaacha chuo niende Lamu kwa nyanya," akasema Ruqia. "Si vitisho. Baba akisema jambo kwa sauti ndogo huwa limekwisha. Nimebakiza kidogo sana nimalize masomo yangu. Kwa hiyo Jumapili..."

"Jumapili nitakutaja. Nilikuahidi."

"Nakurudishia ahadi yako."

"Sikukukopesha."

"Nakurudishia! Hivi hunisikii? Kanisa lenu lina akina mama wanaokuja kwetu kununua vitambaa vya sare. Ukitaja Ruqia Hamud saa sita, saa saba Baba ameshapata habari. Mtaje yule mzee uliyeniambia. Shemasi."

"Kerosi?"

"Mtaje Kerosi."

"Ruqia, Kerosi anajua kuwasha jenereta. Huo ndio upeo wake. Baba amempanga asimame kwa sababu ana suti."

"Basi mwache asimame na suti yake."

"Anawishwe mikono na mama yangu kwa kazi yako?"

"Ndiyo."

"Apakuliwe kwanza?"

"Ashibe, inshallah!"

Watu wa meza ya pili wakageuka. Ruqia akavuta mtandio wake mbele kidogo.

"Unataka nikukane mbele ya watu," nikasema.

"Nataka kusoma nimalize. Wewe ukikosea, unapigwa kelele na baba yako, kesho mnakula pamoja, watu wanasema ni Walter na vituko vyake. Mimi sina vituko, Walter. Nina nafasi moja."

Hilo lilinichoma mahali ambapo mzaha haufiki. Nilitafuta neno la kuchekesha, kama mtu anayepapasa mfuko akijua hauna kitu.

"Nikimtaja Kerosi, utaelewa?"

"Nitaelewa."

"Utafurahi?"

"Umeuliza moja," akasema, "nimejibu moja."

Rafiki yake Bhoke, Mkuria anayelala naye chumba kimoja, akatokea mlangoni. Alikuwa amewekwa huko nje kulinda, na alikuwa amechoka kulinda.

"Nyinyi wawili, mama wa chai anauliza. Mnaachana, ama mnaagiza kitu?"

"Tunaachana," akasema Ruqia, akasimama.

"Basi achaneni haraka, kuna watu wanataka meza."

Ruqia akasogeza kikombe chake upande wangu. Alikuwa amekunywa nusu. Hatujawahi kushikana hata mkono. Kikombe ndicho kilichokwenda badala ya mkono. Akatoka. Nilikunywa ile chai iliyobaki, ya baridi, tamu kupita kiasi kama anavyoipenda, na ninatoa ushahidi kwamba ilikuwa chungu.

*

Jumamosi nilimkuta mama uani anasugua birika kwa majivu. Birika lile halitumiki ila siku ya swali. Alilisugua kwa nguvu, kama lina dhambi.

Mama yangu ana mgogoro wa zamani na masomo yangu. Chumba changu na chake vinagawanywa na ukuta wa mbao, na asubuhi moja alisikia sauti ya mwanamke ikitoka kwangu, ikisema maneno ya kooni yasiyo Kijaluo, Kiswahili wala Kiingereza. Aliingia, akakuta mimi peke yangu na simu. Kabla jua halijapanda, akina mama wa maombi walikuwa wamenizunguka na kayamba. Waliiombea simu. Mmoja wao, Nyamoita, kiongozi wa kwaya, aliinyunyizia maji, na tangu hapo imekuwa ikichaji upande mmoja tu.

"Nyathina," akasema sasa, bila kunitazama. Hivyo ndivyo ananiita, mwanangu. "Yule jini bado anakusomea?"

"Si jini, Mama. Ni msichana."

Akasugua kidogo. "Afadhali lingekuwa jini. Jini linatolewa."

"Mama!"

"Msichana wa wapi?"

"Homa Bay."

"Wa nani?"

Ningeweza kudanganya. Nina kipaji. "Wa Mzee Hamud. Mwenye duka la vitambaa."

Birika likatulia. Kuku akapita katikati yetu, akaona hali, akaenda zake.

"Hamud huyu huyu anayetuuzia kitambaa cha sare?"

"Huyo huyo."

"Ni mtu mwaminifu," mama akasema polepole, kana kwamba anatoa ushahidi asioupenda. "Akikupimia mita, ni mita na kiganja. Nilipofiwa na nyanya yako alifunga kitambaa cheusi akakataa kukitolea hesabu." Akapumua. "Lakini kitambaa ni kitambaa, Walter, na mtoto ni mtoto. Huyo binti atakuja huku? Ama wewe utakwenda kule?"

"Hakuna anayekwenda mahali. Tumeachana jana."

Hapo ndipo alipoinua macho. Nilikuwa nimejitahidi kusema kama mtu anayetaja bei ya sukari. Sikufaulu, nadhani, kwa maana mama aliacha birika akanifuta jivu shavuni, jivu ambalo halikuwepo.

"Vizuri," akasema, lakini kwa sauti isiyo ya vizuri. "Kesho utamtaja Kerosi. Nimeshafua taulo la kumpangusia."

Jioni ile punda wa Mafunjo alinitumia ujumbe kwamba mwenzangu hajasikiliza somo langu. Nilimjibu punda kwamba najua. Punda hana mahali pa kupokea majibu.

*

Jumapili kanisa lilijaa mpaka viti vya plastiki vikaazimwa kwa jirani. Akina mama wa kwaya walikuwa wamevaa sare zao za samawati, kitambaa cha Hamud kutoka ukuta hadi ukuta, na mimi nikasimama mbele ya kitambaa chote hicho katika kanzu nyeupe ya mhubiri, iliyokuwa fupi kwangu kwa chini. Shemasi Kerosi alikuwa mstari wa mbele. Alikuwa amekata kucha.

"Leo," baba akawaambia watu, "mtoto wangu atasoma Neno kama lilivyoandikwa mwanzo."

Nikasoma. Niliweka kidole upande wa kulia wa ukurasa, na watu wakanong'ona walipoona kidole kinakwenda kushoto. Nilizitoa herufi za kooni kutoka kooni. Nilikuwa nimechagua orodha ya majina ya ukoo, baba wa fulani akamzaa fulani, kwa sababu majina hayakosewi kirahisi, na watu wakalia "Amina!" juu ya kila marehemu. Kisha nikasoma Kigiriki. Baba alikuwa amevua miwani, anaipangusa, anaivaa, anaivua tena. Sijawahi kumwona baba yangu akinitazama hivyo. Siku zote hunitazama kama mtu anayetazama mfuko ambao huenda una nyoka.

Nikafunga kitabu. Mama akatoka pembeni na birika na beseni, taulo jeupe begani.

"Walter," baba akasema. "Nani alikufundisha?"

Neno moja tu. Kerosi. Lina silabi tatu, na baada yake kuna chuo, kuna joho, kuna baba anayenitazama vile maisha yake yote. Na Ruqia alikuwa ameniruhusu. Nilifungua kinywa, na kilichonijia si uso wake bali ile pumzi yake kabla ya neno refu.

Nikafumba kinywa.

Wasichana wa kwaya wakaanza kuziba midomo. Walikuwa wananijua, walikuwa wanangoja kichekesho. Kijana mmoja nyuma akacheka mapema ili asipitwe.

"Ng'a ma nopuonji?" baba akarudia, sasa kwa Kijaluo, kwa upole, kama mtu anayemwonyesha mtoto mlango.

"Mwalimu wangu yupo," nikasema. "Ni mwalimu mzuri kuliko ninavyostahili. Lakini jina lake likitajwa hapa, yeye ndiye atakayelilipia. Kwa hiyo simtaji. Na mwingine pia simtaji."

Wakacheka. Kanisa zima, kicheko kikubwa cha Jumapili, na mtu mmoja akapiga makofi. Shemasi Kerosi alikuwa ameshainuka nusu, magoti yamekunjika, hajui aende juu au chini.

"Hapa si uwanja wa michezo," baba akasema.

"Sichezi, Baba."

"Maliza hicho kichekesho chako."

"Hakuna kichekesho."

Wakangoja bado. Kicheko kikaanza kupungua, mstari kwa mstari, kutoka mbele kwenda nyuma, walipoona uso wangu. Nimewachekesha watu wale tangu nilipoota meno, na sasa nilipotaka waniamini mara moja, nilikuwa sina kitu cha kuwapa ila kusimama.

"Mtu asiyemtaja aliyemfundisha..." baba akaanza.

"Najua, Baba. Amekiiba."

"Basi shuka."

Nikashuka. Baba akageuka ukutani na kuanza kupangusa miwani ambayo haikuwa na vumbi. Nilikuwa nimefika kwenye mstari wa kwanza wa viti, nikiwa nimekwisha kulipoteza kila nililokuja kulichukua, niliposikia kiti kinakwaruza sakafu kule nyuma.

Kwanza nilimwona Bhoke. Alikuwa anamvuta mtu nguo, anamwambia kwa meno yaliyofungwa, "Keti chini! Wewe, keti!" Kisha nikaona mtandio wa kijani.

Ruqia alikuwa amesimama.

"Ni mimi," akasema.

Watu wote wakageuka, lakini mama yangu ndiye niliyemtazama. Mama aliijua sauti kabla ya uso. Niliona inavyomwingia, ile sauti ya nyuma ya ukuta wa mbao, ile iliyoombewa kwa kayamba, sasa ina miguu na viatu.

"Wewe ni nani, binti?" baba akauliza.

"Naitwa Ruqia Hamud. Natoka Homa Bay, na nasoma chuo kule Rongo." Akavuta pumzi. "Nilikuja nimsikie akisoma, basi. Nilikusudia kuondoka kabla ya swali. Mimi ndiye niliyemfundisha kusoma kutoka kulia. Yeye naye alinifundisha Kigiriki, ila kwetu hakuna desturi ya kuniuliza."

"Ati Hamud?" Nyamoita akashika ukosi wa sare yake kana kwamba umemng'ata. "Hamud wa vitambaa? Wewe si ndiye mtoto anayekatanga risiti?"

"Ndiye mimi, Mama."

Simu zikaanza kutoka kwenye mikoba. Niliziona moja moja zikiinuka, na nilitaka kumwambia akimbie, lakini Ruqia alikuwa ananitazama mimi, si simu. Nilikuwa nimewahi kumwona akinitazama kwa hasira, kwa mzaha, na kwa majonzi. Hivi sikuwa nimewahi. Nilisahau hata kukagua vifungo vyangu.

"Tusimame, tufunge ibada," baba akasema kwa haraka.

Hakuna aliyefunga macho, kwa sababu mama alikuwa ameanza kutembea. Alipita mbele ya Kerosi, aliyekuwa bado amenyoosha mikono yake yenye kucha zilizokatwa. Alipita kwaya. Birika lilikuwa limejaa na maji yalikuwa yanadondoka kwenye sakafu nyuma yake. Baba akamwita, "Mama Walter!" Hakugeuka.

Akasimama mbele ya Ruqia. Wakatazamana, mmoja na birika lake, mwingine na mtandio wake wa kijani. Bhoke akasogea pembeni na kiti chake.

"Lete mikono," mama akasema.

Ruqia akakunja mikono ya buibui. Mama akammiminia, polepole, kiganja na mgongo wa mkono, kama anavyowanawisha walimu wote, hakupunguza wala hakuongeza. Maji yalisikika yakianguka kwenye beseni. Kanisa lote lilikuwa linasikiliza maji.

Alipomaliza, akaweka beseni juu ya kiti.

"Nimekunawisha kwa sababu ndiyo desturi, na umesimama," akasema, kwa sauti ya kumtosha Ruqia na mimi niliyekuwa nimefika nyuma yake. "Mwanangu sijakupa."

"Sijamwomba, Mama."

"Najua." Mama akaweka birika kando ya beseni. "Ungeomba ningekukatalia, ningelala usingizi. Kwenu wanajua uko hapa?"

Ilijibu simu ya Ruqia, juu ya mapaja ya Bhoke, ikinguruma na kuzunguka kama mdudu aliyelala chali. Bhoke akaitazama, akanyanyua uso.

"Ni baba yako," akasema. "Wametuma picha tayari. Shenzi wao."

"Nipe."

"Una maji mikononi."

Mama alikuwa ameshika taulo lake begani, lile lililofuliwa kwa ajili ya Kerosi. Akalishika tu. Akanitazama mimi, kisha akatazama chini, na taulo likabaki pale lilipokuwa.

Simu ikakata. Ikaanza tena.

Nikavua kanzu nyeupe. Haikuwa yangu tena, na hata ilipokuwa yangu ilikuwa fupi. Nikaikunja, nikamnyooshea Ruqia upindo wake, mbele ya mama, mbele ya baba aliyekuwa amesimama mimbarini, mbele ya zile simu zote. Akaushika. Akapangusa kidole kwa kidole, bila haraka, kana kwamba tuko wawili tu na somo halijafunguka. Kisha akachukua simu, akaiweka sikioni, na sauti yake haikutetemeka.

"Assalamu alaikum, Baba. Ndiyo. Ni mimi."